Ziwa Linaloonwa Sahanini

Matumbawe huota kwenye maji ya chumvi, na Ziwa Victoria ni la maji matamu. Sentensi hiyo moja ingetosha kuufunga mjadala unaozuka kila shule zinapofungwa Agosti na Desemba, wakati familia za Nairobi zinapojumlisha nauli, hoteli na boti ya Diani au Watamu, zikaguna, kisha mtu akauliza: kwani Homa Bay hakuna ufuo? Upo. Kisiwa cha Takawiri, kilicho kati ya Rusinga na Mfangano, kina mchanga mweupe na miti ya jamii ya mnazi, na picha zake huwafanya wengi waamini kwamba bahari imehamia Nyanza. Basi wanafunga mizigo, wanatia miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia, na kusafiri wakitarajia mambo ya Watamu, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1968 sambamba na ile ya Malindi, na ambako mgeni huelea kifudifudi akitazama samaki wa kila rangi.

Wakifika Takawiri wanazamisha uso na kuona ukijani tu.

Kisiwa hakina kosa. Anayekosea ni yule anayeiuza pwani hii kama Diani ya bei nafuu. Homa Bay na Migori hazina haja ya kuigiza bahari, na kila zinapoigiza hushindwa. Zilicho nacho ni ziwa lisilojionyesha kwa anayelitazama kutoka juu. Litakuonyesha siri zake ukikaa ufuoni linapotoa samaki wake, na ukikaa mezani samaki hao wakiletwa.

Tuanze na huo ukijani. Ghuba ya Winam, ambayo mji wa Homa Bay umejibanza pembeni mwake, haina kina kirefu, na maji yake hubadilishana na ya ziwa kuu kupitia mlango mwembamba kati ya Rusinga na upande wa Siaya. Mito inashusha udongo na mbolea za mashamba, miji inashusha majitaka, mwani unashiba na kutanda. Upande wa Migori, Mto Kuja huyateremsha maji ya vilima vya Kisii hadi Nyatike, na mvua zikinyesha rangi yake humwambia kila mtu ni mlima gani umemomonyoka. Ukitoka ghubani kuelekea Mfangano maji yanaanza kusafika, lakini usitarajie kioo.

Kuna pia kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda maji yaliyotulia, yenye majani na matete, hasa pale watu wanapoteka maji na kufulia. Mamba na viboko nao wapo, na wenyeji wanajua ni kona zipi. Sisemi haya ili kumtisha mtu asiguse maji. Watoto wa Mbita wanaoga ziwani kila jioni. Ila mgeni anayetaka kuogelea na amuulize mwenye boti, aende mbali na matete, na majuma kadhaa baada ya kurudi nyumbani apimwe. Dawa ya kichocho ipo na ni ya kumeza tu. Aibu ya kuuliza ndiyo huwafanya watu wakae na ugonjwa miaka.

Sasa kuhusu samaki wa rangi. Walikuwapo, tena kwa wingi ambao Watamu yenyewe ingeuonea wivu, na baadhi yao wangalipo. Wajaluo huwaita fulu. Ni samaki wadogo, wengi hawazidi urefu wa kiganja, wanaokaa kwenye miamba inayozama majini kandokando ya visiwa, kwenye mchanga, kwenye matope, na hata katikati ya maji mapana. Wanasayansi wanaamini kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita bonde hili lilikauka, na maji yaliporudi, samaki wachache walioingia walizaa aina zaidi ya 500. Kwa hesabu za mageuzi ya viumbe, huo ni muda mfupi mno. Kila aina ilijipatia kazi yake. Kuna waliokwangua mwani maweni, waliovunja konokono kwa meno ya kooni, waliokula magamba ya samaki wenzao, hata wale walioishi kwa kupora mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa mama wengine. Ndiyo, vinywani: fulu jike huatamia mayai yake mdomoni, na vifaranga wakianguliwa huendelea kuwabeba humo humo.

Waliowachunguza kwa karibu zaidi walifanya hivyo upande wa Mwanza, ambako timu ya watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kazi miaka ya 1970. Kutokana na kazi hiyo na ya waliofuata, leo vitabu vya samaki duniani vina jenasi inayoitwa Pundamilia, na mmoja wa jamii hiyo, mwenye dume jekundu mgongoni, anaitwa nyererei. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliandika mwaka 1997 katika jarida la Science jambo ambalo kila mwenye mrija wa kupumulia angepaswa kulijua kabla ya kuja huku. Majike ya samaki hawa huchagua mume kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, mwekundu hubaki na wa kwake na wa buluu na wa kwake. Maji yakichafuka, jike haoni tofauti, aina zinachanganyikana, na madume yanazaliwa na rangi iliyopauka. Kwa maneno mengine, ukijani unaomnyima mgeni wa Takawiri starehe yake ya saa moja ndio unaowapokonya samaki wenyewe rangi zao.

Pigo kubwa zaidi lakini lilitiwa majini kwa mikono ya watu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara waliletwa kutoka maziwa ya kaskazini na kumwagwa ziwani ili wawageuze fulu, ambao maofisa wa wakati huo waliwaona takataka, kuwa nyama ya kuuzika. Huku tunamwita mbuta. Alikaa kimya miaka kadhaa, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 akafumuka kwanza katika ghuba yetu, na katika mwongo uliofuata akalijaza ziwa zima. Aina za fulu zinazokadiriwa kufikia 200 zilitoweka. Mbuta alileta pesa, viwanda vya minofu na malori yenye barafu, na pia alikata miti: ngege, yaani tilapia, na fulu hukaushwa kwa jua, lakini mbuta ana mafuta mengi na mwili mnene, hivyo hana budi kufukizwa moshi au kukaangwa, na kuni za kazi hiyo zilitoka vilimani.

Ndiyo maana siku ya mapumziko huku nashauri ianze ufuoni kabla ya jua, wala si majini.

Nenda Mbita, au vuka daraja uingie Rusinga. Zamani hapo palikuwa na tuta la mawe lililoziba mkondo. Daraja lilipojengwa maji yalipata njia tena. Usiku usio na mwezi utakuwa umeona ziwa likimeta kwa taa hadi ukadhani kuna mji ng'ambo. Hao ni wavuvi wa omena, yaani dagaa. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola. Mwanga huvuta wadudu na omena hufuata, kisha wavu wa macho madogo huvutwa kwa upole. Alfajiri boti zinatia nanga na kazi inabadilisha mikono: wanaume wanashuka, wanawake wanachukua. Omena hutandazwa juu ya nyavu kuukuu mchangani, na kuanzia hapo bei iko mikononi mwa mawingu. Likichomoza jua kali, kufikia alasiri wamekauka, wanang'aa kama fedha, na wanapimwa kwa gorogoro kuelekea Kisumu na Nairobi. Ikinyesha, wananuka, na mzigo mzima unauzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Mama aliyekopa kununua shehena hiyo hana bima yoyote dhidi ya wingu. Ukipiga picha, basi na ununue japo gorogoro moja.

Kiamshakinywa huku ni uji wa mtama uliochachuka kidogo, nyuka, pamoja na viazi vitamu. Vile vya Kabondo, ukanda wa Rachuonyo, vina sifa nchini kote na havihitaji siagi wala sukari. Atakayekuhudumia akikuona una mvi atakuita jaduong', na usione tabu kuitwa mzee hapa. Ni heshima, na mara nyingi huja na kikombe kilichojaa zaidi.

Asubuhi ndio wakati wa boti. Kwa kawaida upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu na maji huwa laini. Alasiri upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani na mawimbi yakainuka. Vaa jaketi okozi hata kama nahodha hajavaa. Njiani utapita vizimba vya samaki, fremu za nyavu zinazoelea kwa safu. Ziwa halitoi tena ngege wa kutosheleza walaji, kwa hiyo sehemu kubwa ya samaki wa sahani zetu sasa wanafugwa humo. Wako wanaosema samaki wa kizimba hana ladha. Mimi nimekula wote wawili, na naona anayelalamika sana ni yule aliyeshaambiwa kabla ya kuonja. Mwenye kustahili malalamiko ni ngege aliyegandishwa kutoka China anayeuzwa hadi kando ya ziwa hili hili, huku mchuzi ukifanya kazi ya kumficha. Uliza. Mama mwenye samaki wake mwenyewe atakufungulia ndoo umwone.

Takawiri ni mahali pa kutembea peku na kukaa kivulini. Kisha Mfangano, na hapo usikae ufuoni. Panda. Kwenye mapango ya Kwitone na Mawanga kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, miduara ndani ya miduara, inayosemekana kuwa kazi ya wawindaji wa kale waliofanana na Watwa, walioishi hapa kabla ya Wasuba na Wajaluo. Wasuba walipokuja, kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda, hawakuifuta. Waliiheshimu kama mahali pa kuombea mvua, na heshima hiyo ndiyo iliyoilinda hadi jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba likaanzishwa kisiwani kuitunza. Ukirudi kupitia Rusinga, kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, liko Kasawanga, na jengo lililolifunika limeundwa kwa umbo la risasi. Kwenye kisiwa hicho hicho ndiko mtafiti Mary Leakey alikookota fuvu la Proconsul mwaka 1948, nyani wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Kwa kisiwa kinachozungukwa kwa bodaboda asubuhi moja, si haba.

Tufike sasa mezani, maana njaa ya ziwani haina subira.

Hoteli za samaki hazina menyu ya kuaminika. Menyu ni kabati la kioo mlangoni. Unanyoosha kidole kwa ngege unayemtaka na bei hufuata ukubwa wake. Kisha unaulizwa swali moja tu: mkavu au wa mchuzi? Mkavu hukaangwa mafutani hadi ngozi ikakauka na mapezi yakawa ya kutafunwa. Wa mchuzi hukaangwa kwanza, halafu akarudishwa sufuriani pamoja na kitunguu, nyanya na dhania, akachemka hadi nyama ikafyonza. Nashauri wa mchuzi, kwa sababu mkavu mzuri utampata popote Kenya. Kuna namna ya tatu ambayo haitangazwi, nayo ni ya nyumbani: samaki mbichi kachemshwa kwenye chungu kwa maji, chumvi na kitunguu kidogo tu. Ukialikwa kwa mtu na ukaletewa hiyo, jua umepewa samaki wa leo. Samaki wa juzi hawezi kustahimili upishi usio na mafuta.

Ugali wake, kuon, ni mzito na mara nyingi ni wa kahawia, kwa kuwa unga wa mahindi umechanganywa na mtama au muhogo. Unamega kwa mkono wa kulia, unaufinya, unatia shimo kwa kidole gumba, unachotea. Uma huku ni kikwazo tu. Mifupa ya ngege inataka vidole vinavyohisi. Pembeni kuna mboga, na hapa ndipo wageni wengi hushindwa. Osuga, yaani mnavu, na akeyo, yaani mgagani, zina uchungu, na mpishi hana nia ya kuuondoa wote. Huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha zikatiwa maziwa na kuachwa, pengine hadi kesho yake zikachemshwa tena na maziwa mengine. Uchungu unabaki nyuma ya utamu wa maziwa, na ukishauzoea, sukuma wiki ya Nairobi utaiona kama karatasi. Apoth, mrenda, unateleza na ni wa wale wasioogopa kitu kinachovutika kutoka sahani hadi mdomoni. Obambla ni samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani. Hulowekwa kisha huchemshwa, na harufu yake hukutangulia barabarani.

Omena nao wana siri moja. Wanaowachukia waliwala mabwenini, wakiwa wamechemshwa na mchanga wao. Huku huoshwa kwa maji moto mara kadhaa, hukaangwa hadi wakalia wakitikiswa, ndipo nyanya na kitunguu vinaingia.

Kuelekea Migori, barabara inafuata ziwa kupitia Sindo na Magunga, chini ya Milima ya Gwassi, ambayo ni mabaki ya volkano ya kale iitwayo Kisingiri, mpaka Sori kwenye Ghuba ya Karungu. Upande wa pili wa vilima, Bonde la Lambwe lina Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya. Swala huyo mkubwa mwenye uso wa mabaka meusi na meupe hapatikani tena porini mahali pengine nchini. Mwenye siku moja hawezi kufanya Ruma na ziwa. Achague ziwa.

Ila asipite bila kukata bara kwenda Thimlich Ohinga, ngome ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikipita kimo cha watu wawili, na ambazo zimesimama hivyo kwa karne kadhaa. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Wageni ni wachache mno ukilinganisha na Fort Jesus, jambo linalofedhehesha wizara zaidi ya linavyofedhehesha mawe. Eneo hilo hilo la Nyatike lina Macalder, ambako dhahabu ilichimbwa na wakoloni na bado inachimbwa na vijana kwa sururu na zebaki. Sehemu ya zebaki hiyo haibaki mgodini.

Muhuru Bay ni mwisho wa Kenya kwa upande huo. Mbele ni Tanzania, na majini kuna kisiwa cha Migingo. Kila Mkenya anajua jina hilo kwa sababu ya ugomvi na Uganda uliopamba moto mwaka 2009, wachache wanajua kwamba jiwe lenyewe halifikii nusu ya uwanja wa soka na limefunikwa kwa mabati toka ukingo hadi ukingo. Chanzo cha yote ni mbuta. Ghuba zimechoka, samaki mkubwa amehamia maji ya kina kirefu, na Migingo iko mlangoni mwa maji hayo. Mabondo ya mbuta, yaani vile vifuko vya hewa tumboni, huuzwa China kwa bei inayoishangaza nyama yenyewe.

Kinachobaki kwa mwenyeji kinaitwa mgongo wazi. Kiwandani mbuta hukatwa minofu pande zote mbili ikaenda Ulaya, na mifupa yenye kichwa, mkia na nyama iliyong'ang'ania hurudi sokoni, hukaangwa kwenye mafuta yanayochemka na kuuzwa kando ya barabara. Wako wanaokiona kuwa chakula cha aibu, na kwa upande wa uchumi wana hoja: ziwa ni letu na sisi tunanunua mifupa. Umoja wa Ulaya ulipositisha kununua samaki wetu mara kwa mara mwishoni mwa miaka ya 1990, mbuta mzima alionekana tena kwenye sufuria za huku. Lakini kwa upande wa ulimi sitawaunga mkono. Nyama ya shavu la mbuta na ile iliyojificha nyuma ya kichwa ni laini kuliko mnofu wowote unaowekwa kwenye barafu, na Mzungu aliyelipia mnofu hajui alichotuachia. Sori au Muhuru, mwombe mama akuchagulie kichwa kikubwa, akaange upya, akunyunyizie chumvi na pilipili.

Na fulu? Tangu mbuta alipoanza kuvuliwa kupita kiasi katika miaka ya 1990, baadhi ya aina zake zimeongezeka tena, hasa zile za maji mapana. Sokoni Mbita au Sori unaweza kuwakuta katika mafungu madogo pembeni ya meza ya ngege, wakiwa wakavu au wabichi, bei ya chini kuliko zote kwa kuwa wana miiba. Watazame kabla hawajatiwa chumvi. Madume wengine bado wana rangi mbavuni, na wale wa miambani ndio wenye rangi zaidi. Kama safari yako itaangukia kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena huwa umefungwa ili wazaliane, kwa hiyo omena utakaouziwa kama wa leo asubuhi si wa leo asubuhi. Majira hayo nunua fulu, au agiza mumi, yaani kambare.